Zephaniah Mwasaru na Barua ya Mkonge ya Nchi Tatu

Mzee Zephaniah Mwasaru, tunayemlaza leo Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1986 hapa Njukini, alikuwa mtu wa Kasigau. Wengi mmeuliza tangu juzi kwa nini mtu wa Kasigau azikwe huku mpakani, mbali na makaburi ya baba zake, na wazee wa ukoo wameuliza kwa sauti ya juu kuliko wengine. Aliagiza mwenyewe. Sababu imo humu, katika maneno aliyoyasema kitandani na mdogo wake Donald akayaandika, naye Donald ndiye anayeyasoma.

Alizaliwa Makwasinyi, hukohuko Kasigau, tarehe 9 Aprili 1937, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mwasaru na marehemu Mama Nyange. Wazazi wake walikuwa ndio kwanza wamerejea Kasigau baada ya miaka ya uhamishoni walikopelekwa na Waingereza, na mama yake alizoea kusema kwamba huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa kwake juu ya udongo wa kwao.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1945, kisha akaendelea na shule ya kati huko milimani. Hati yake ilikuwa nzuri mno, hata wenzake wakawa wanamwomba awaandikie barua za ruhusa kwa niaba ya wazazi. Aliwaandikia wagonjwa na wazima pia, na kwa hilo alichapwa viboko sita. Mwaka 1956 alijifunza kupiga taipu Mombasa, na mwaka uliofuata akaajiriwa karani wa mizigo stesheni ya Voi.

Hapo Voi ndipo alipomwona Gertrude Mumbe, binti wa Mzee Musyimi wa Mraru, Mkamba aliyehamia na mbuzi wake na maneno yake machache. Wazee wa Kasigau walipokwenda kuposa, Mzee Musyimi aliwachinjia, akawalisha wakashiba, kisha akaongea habari za mvua mpaka wakaaga. Njiani kurudi Zephaniah, aliyefuatana nao, alikuwa anachekelea.

"Wamekubali! Mmeona vile wametulisha?"

Baba yake mdogo, Fanuel, alisimama akamtazama kwa huruma. "Wewe kijana umesoma bure. Mtu akikulisha vizuri halafu aanze kukuongelesha mvua, huyo amekataa. Anakuheshimu tu, hataki kukuambia hapana ukiwa ndani ya nyumba yake."

Walirudi mara ya pili, wakaongeleshwa mvua. Mara ya tatu Mzee Musyimi alitaja idadi ya mbuzi, na harusi ikafungwa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1961. Kwa hiyo marehemu alilijua somo hilo tangu ujana wake, na kwa gharama yake mwenyewe. Alitaka jambo hili lieleweke, mtu asije akamtetea leo kwamba hakujua.

Mwaka 1968 aliitwa Arusha, akawa karani wa kamati moja ndogo ya nchi zetu tatu za Afrika Mashariki. Kazi ya kamati ilikuwa kutafuta neno moja la kuwaambia wanunuzi wa nje, ili Mzungu asije akaziendea nchi moja moja na kuipa kila moja bei yake. Ni kazi rahisi kuisimulia. Mjumbe mmoja akitaka iandikwe "hatutauza," wa pili anataka "tungependa tusiuze," na wa tatu anasema asubiri kwanza simu kutoka kwao. Marehemu alitaipu barua moja mara kumi na nne. Watu walisema ugali wa wapishi watatu hauivi, lakini yeye aliamini utaiva, na aliiamini Jumuiya ya nchi hizo tatu kama vile wengine wanavyoliamini kanisa.

Mwaka 1970 bei ya mkonge ilikuwa imeanguka. Donald alikuwa akikata mkonge shambani karibu na Voi, na watu walikuwa wakiachishwa kazi kila mwisho wa mwezi. Kamati ikaandika barua kwa wanunuzi wa Ulaya: nchi hizi hazitauza chini ya bei fulani, hata moja. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mjumbe apewe nakala, na asiyejibu hadi saa sita mchana siku ya Ijumaa ahesabiwe amekubali. Wajumbe wawili walitia saini mapema. Wa tatu alikuwa Bwana Thadeus Mremi, kutoka ng'ambo ya mpaka huu hapa, na alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Walikuwa wakila pamoja kila siku, na Mable, binti wa marehemu, alijifunza kutembea akishikilia suruali ya Bwana Thadeus.

Ijumaa hiyo, tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, Bwana Thadeus alikuja mezani kwa marehemu. Aliiweka nakala yake mezani bila saini, maandishi yakitazama chini. Alikunywa chai, akauliza hali ya watoto.

"Na kwenu Kasigau, ndugu yangu, mvua imenyesha?" akauliza.

"Imenyesha kidogo."

"Kwetu bado. Tunaisubiri." Akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Marehemu alielewa. Alielewa palepale, kikombe kikiwa bado na joto. Angeweza kumfuata kwenye ukumbi, angeweza kumwambia mwenyekiti kwamba nchi moja haijaridhika na barua isubiri. Lakini alimfikiria Donald na wakata mkonge wenzake, akaifikiria na barua yake ya mara kumi na nne, na ilipogonga saa sita akataipu: "Nchi zote tatu zimekubali." Barua ikaenda Ulaya.

Miezi miwili baadaye nchi ile iliuza chini ya bei, ikasema hadharani haikukubali neno lolote. Wanunuzi walicheka. Bei ikazidi kushuka, na Donald akaachishwa kazi pamoja na wengine, kwa hiyo hata lile alilolikusudia halikuwa. Wakubwa wakakaa kuuliza ni nani aliyeifunga nchi ile kwa kamba isiyoitaka. Bwana Thadeus alisema alikwenda kwa karani na kurudisha nakala. Marehemu akaulizwa: je, mjumbe alikataa?

"Hakusema kitu," marehemu akajibu. "Na utaratibu ni kwamba asiyesema amekubali."

Hakudanganya hata neno moja. Bwana Thadeus alirudishwa kwao, akapewa kazi ya kuhesabu magunia ghalani, na hakupanda cheo tena. Alipokuwa akiondoka Arusha alimpa marehemu mkono, akamwambia amsalimie mama watoto. Marehemu alisema mkono ule ulimuuma miaka kumi na sita.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, alirudi nyumbani na taipu yake na aibu yake. Mwaka 1978 alinunua shamba hapa Njukini, kwa sababu kijiji cha Bwana Thadeus kiko ng'ambo tu hapo. Mama Gertrude alimwambia aandike barua, zipo njia za kuifikisha. Akakataa. Kosa alilolifanya kwa karatasi, alisema, hawezi kuliungama kwa karatasi. Akalima mahindi na maharagwe miaka mitano, akingoja mpaka ufunguliwe.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Alivuka mwezi huohuo, na mara mbili zaidi baada ya hapo. Kila mara Mzee Thadeus alimkumbatia, akamchinjia kuku, na kila mara marehemu alirudi nyumbani bila kulisema.

"Baba Alexander," Mama Gertrude akamuuliza, "umemwambia?"

"Tumeongea."

"Mmeongea nini?"

"Mvua."

"Aki wewe," Mama akamwambia, "hii maneno utaenda nayo kaburini."

Kisukari kilimshika mwaka 1981, na mwaka jana kikamkata mguu, kwa hiyo kuvuka hakukuwezekana tena. Mwezi uliopita alilazwa Voi. Hapo akakata shauri, akamtuma Mama Nzembi, anayeuza maharagwe pande zote mbili, amwite Mzee Thadeus haraka. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Mzee Thadeus alifika Jumatano.

Siku mbili kabla ya kufa, alipoona huenda wasionane, marehemu alimwambia Donald aandike yote haya na yasomwe mbele ya watu, na azikwe Njukini ili Mzee Thadeus asiwe na safari ndefu ya kuja kuyasikia. Kuna mzee wa kanisa aliyeshauri habari za ofisi ziachwe nje ya ibada. Mama Gertrude alimjibu, "Basi mnipe hiyo karatasi nisome mimi." Ndiyo maana mmeyasikia. Familia inasikitika kwamba hayakusemwa na mdomo uliopaswa kuyasema, wakati mwenye mdomo alikuwa na miguu yote miwili na njia iko wazi.

Marehemu ameacha mjane, Gertrude Mumbe, watoto, Alexander, Mable na Elsie, wajukuu wanne, na ndugu yake Donald.

Mzee Thadeus, umeketi hapo mbele na umesikia. Ulijua upande wako wa jambo hili. Upande wake umeujua sasa hivi, pamoja nasi sote, na tunajua hii si namna ya kumwambia mtu. Familia inakuomba uwe wa kwanza kutia udongo kaburini. Ukikubali, tutashukuru. Na kama ni hapana, sema hapana, baba yetu. Tutakusikia, na hakuna atakayeandika kwamba umekubali.

Mungu ampokee Zephaniah, ampe amani ambayo hapa duniani aliichelewesha mwenyewe.