Shangazi Anastaafu, Mto Haustaafu

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, mlinzi wa ufuko wa watoto katika bustani yetu ya mtoni anavua sare baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Sisi wafanyakazi tunamwita Shangazi. Wageni wanamwita Shangazi. Hata yule daktari wa meno anayeleta wajukuu kila Jumamosi, mzee mwenye mvi kumzidi yeye, anamwita Shangazi na kuitikia "abee" anapokemewa. Jina la kwenye kitambulisho lipo, ila ukiliita hapa bustanini hakuna atakayegeuka, hata mwenyewe.

Wasifu huu ulitakiwa kuandikwa na afisa uhusiano. Afisa akasema ana majukumu. Ukapelekwa kwa mhasibu, naye ana majukumu. Ukashuka hivyo, meza kwa meza, mpaka ukafika kwenye gati la mashua za pedali, mikononi mwangu. Shule na mimi tuliachana njiani, tukaagana kwa amani, lakini kwa maneno sijapata mpinzani kuanzia geti kuu hadi kibanda cha bisi. Wenye majukumu wakae wasikilize.

Shangazi aliajiriwa kama mfagiaji. Enzi hizo bustani ilikuwa nyasi, pembea na bango la kukataza watu kukanyaga nyasi, na watu walikanyaga nyasi na bango pia. Mto nao ulikuwepo, maana mto haukusubiri bajeti ya mtu. Pale unapopinda, maji hutulia na kuacha mchanga mzuri, kina cha magoti, na watoto walikuwa wakiingia wenyewe huku wazazi wamelala chini ya miti midomo wazi. Siku moja mfagiaji wetu aliweka ufagio chini, akavuta kiti cha plastiki, akaketi kuyatazama maji. Msimamizi akamkuta. Akamuuliza kama ameajiriwa kukaa.

"Majani hayazami, bosi," Shangazi akamjibu, bila kugeuza shingo.

Ufagio ule hakuushika tena. Alifunga kamba kuvuka ule mpindo, akaifungia madumu matupu yaelee, na ikawa sheria: hapa mwisho. Akanunua filimbi kwa hela yake. Mlio mmoja maana yake toka majini. Miwili, toka wewe na nduguyo. Mlio wa tatu hatuujui unavyosikika, kwa sababu hajazaliwa mtoto aliyethubutu kuungoja. Na katika miaka yote hiyo, kwenye ufuko wa Shangazi hajazama mtoto. Nasema hajazama hata mmoja. Aliyekaa viti vya mbele na hakusikia vizuri, nitarudia kwa sauti.

Lakini sifa yake kubwa ni vitambaa. Mgeni anayekuja mara ya kwanza hushangaa. Ameingia na familia, amepita kwenye pembea, watoto wamenusa maji na sasa wanamvuta kama mbuzi wanaokwenda malishoni. Anafika kwenye ngazi za mtoni, anamkuta mama mnene na kapu la matambara: mapazia ya zamani, mashuka, magauni yaliyogoma kufungwa zipu, shati la mume aliyekosa adabu. Hakuna kupita. Shangazi anachagua tambara, anachana ukanda, anaukata katikati. Nusu kwenye mkono wa mtoto, nusu kwenye mkono wa aliyemleta. Mtoto hatoki ufukoni wala hapiti geti kuu ila na mtu mwenye nusu yake.

Baba mmoja mwenye saa ya kung'aa aliwahi kugoma. "Shangazi, huyu ni mwanangu, huoni tulivyofanana?"

"Naona. Na ndugu zako wote mmefanana. Lete mkono."

Wapo wazazi wengine, sitawataja maana wengine wamo humu ukumbini, ambao huja bustanini kumpiga mtoto picha, si kumwangalia mtoto. Wanarudi nyumbani na picha mia za mtoto akicheza na hawajui alicheza nini. Hao Shangazi aliwafunga vitambaa mkono ule ule wa simu, fundo juu ya kidole gumba, ili kila wakibofya wakumbuke kuwa wamezaa. Wakinuna, aliwaambia kununa ni bure, hakuna tiketi yake.

Sasa kuna ile siku ya vitambaa vya bluu, ambayo ofisi inapenda kuikumbusha. Basi tuikumbuke sote, na tuikumbuke yote.

Ofisi iliona matambara yanatia aibu. Bustani imepakwa rangi, ina nembo, halafu wageni wanatembea na vipande vya pazia. Wakaleta maboksi ya vitambaa vipya, vimekatwa vizuri, vyote bluu, vyote na nembo. Niseme kweli, sote tulishangilia. Mimi nilijifunga viwili. Hata Shangazi alifurahi, maana vidole vyake vilikuwa vimechoka kuchana nguo za watu. Hakuna kichwa hata kimoja, cha ofisini wala cha mtoni, kilichofikiri hatua moja mbele. Sikukuu ikafika, bustani ikajaa, tukafunga bluu, bluu, bluu. Mchana mvua ikashuka ghafla kama ndoo iliyomwagwa. Watoto wakakimbilia bandani, wazazi wakakimbilia watoto, kila mtu akanyakua kilicho chake. Au alichodhani ni chake. Kule getini Mzee wa Geti alikuwa na amri moja tu: angalia vitambaa vifanane. Na vilifanana! Siku hiyo ukoo mzima wa binadamu ulikuwa umefanana.

Baba mmoja alipita na mtoto aliyefunikwa taulo kichwani. Bluu kwa bluu, pita. Alipofika karibu na kituo cha basi, Mzee wa Geti akamfuata mbio, na goti lake lile bovu, akipiga kelele asimame. Taulo likavuliwa. Mtoto akamtazama yule baba, akamuuliza kwa adabu, "Kwani wewe ndiye nani?" Mtoto wa baba huyo alikuwa bado bandani, anakula bisi za watu.

Tulimuuliza Mzee wa Geti alijuaje. Akasema watoto wote wanaotolewa bustanini hulia, na huyo alikuwa anacheka. Mtoto gani anaondolewa mtoni anacheka, kama si kwamba haondoki na wa kwao?

Haya. Vitambaa vililetwa na ofisi. Amri ilitoka ofisini. Nembo ni ya ofisi. Nani aliitwa kukemewa? Shangazi. Peke yake. Akasimamishwa mbele ya meza kama mwanafunzi mchelewaji, akaulizwa kwa nini hakutoa ushauri wa kitaalamu. Mtaalamu! Miaka yote hiyo alikuwa mama wa matambara, siku ya lawama ndiyo akapewa utaalamu. Mtenda jema hapa kwetu hupokea mabua, mahindi yana wenyewe. Alirudi mtoni, akayakusanya maboksi ya bluu, akayafanya mito ya kukalia, akaanza upya kuchana mapazia. Hajalalamika? Amelalamika sana. Amelalamika mpaka samaki wanaijua kesi ile, na haki yake.

Lakini yaliyopita si ndwele. Kinachonichoma ni kinachokuja.

Mwezi uliopita ofisi ilitangaza kuwa kwa vile Shangazi anastaafu, na nafasi yake haitajazwa, ufuko wa watoto utafungwa. Utawekwa uzio wa chuma mpindo mzima, na nyuma yake mabenchi, paitwe eneo la kuutazama mto. Kuutazama! Mtoto wa miaka mitano aje kuutazama mto kama mzee anayengojea zamu yake kliniki? Vyuma vimeshashushwa kwenye lori. Viko pale kando ya mashua zangu, vimelala juu ya nyasi tulizokatazwa kukanyaga sisi.

Na wanasema ni kwa usalama. Mimi nafanya kazi juu ya maji hayo, nisikilizeni. Mkifunga ufuko hamjawafunga watoto. Watoto wa mtaa huu wanaujua mto kama wanavyojua sufuria ya mama yao ilipo. Watazunguka, watashuka kule chini ya daraja, kwenye maji meusi yanayovuta miguu, pasipo kamba, pasipo madumu, pasipo Shangazi. Siku hiyo ikifika mtaleta uzio gani? Mtamwita nani ofisini kumkemea?

Shangazi hakungoja nimalize hasira zangu. Alipanda ofisini na miguu yake mibichi, akaacha nyayo kwenye zulia la Meneja, akasema apewe mtu amfundishe. Meneja akasema hakuna ajira mpya. Akasema basi atoke miongoni mwetu tuliopo. Meneja akasema sawa, alete jina kabla ya sherehe, lakini awe mtu makini, la sivyo Jumatatu fundi anaanza kuchomelea.

Bustani nzima tulijua nani anafaa. Kijana, mwogeleaji, mcheshi, anapendwa na watoto. Nilinyoa ndevu. Nikapiga pasi sare. Nikapita mbele ya kiti cha Shangazi mara kadhaa nikipuliza mluzi, ili aone mapafu. Alinitazama, akacheka mpaka akashika ubavu. "Wewe? Wewe ukiona maji unaingia. Nani atabaki nje?"

Akainuka, akaenda getini.

Inabidi mjue, kama kuna mgeni humu, kwamba Shangazi na Mzee wa Geti hawakuwa wakisalimiana. Yeye alimlaumu Shangazi kwa watoto wanaobembea kwenye geti lake na nguo zinazochuruzika. Shangazi alimlaumu kwa uso wake. Walizungumza kwa kupitia watu: mwambie huyo mwenye filimbi, mjibu huyo mwenye makufuli. Mimi nimebeba matusi ya pande zote mbili, nikiyapamba kidogo njiani. Siku hiyo walizungumza ana kwa ana na sikuwa na kazi.

"Nimetoa jina lako," Shangazi alisema.

"Kwenye nini?"

"Kwenye filimbi."

Mzee wa Geti akakunja uso, na uso ule ukikunjwa unabaki mistari mitupu. "Mimi watoto siwapendi, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Huyu wa mashua anawapenda, atacheza nao. Wewe unawatazama kama wezi, kila mmoja, wakati wote. Maji yanataka mtu wa kutazama hivyo."

Niliumia, lakini ukweli una miiba na nimeumeza. Mzee wa Geti akafungua kufuli, akalifunga. Kisha akasema, "Kile kiti chako mguu mmoja umepinda. Unaniachia hicho hicho?"

Tangu hapo anafundishwa. Anachana vitambaa vizuri, ila anafunga fundo kama anafunga geti, watoto wanalia wakipunga vidole. Shangazi anamchapa mkono, "Legeza, baba, hawatoroki!" Naye anasema wanatoroka, anawajua. Juzi binti mdogo alimshika suruali akamwita Mjomba. Mzee akageuka nyuma kutafuta aliyeitwa. Hapakuwa na mtu. Akakohoa, akamwambia mtoto asikimbie kwenye ngazi.

Jina lilipelekwa kwa Meneja wiki iliyopita. Jibu alilotoa ni "tutaangalia." Tutaangalia! Neno hilo lingekuwa na miguu lingeshaizunguka dunia na kurudi na mchumba. Hatukatai kuangaliwa. Lakini fundi wa kuchomelea hakuambiwa aangalie, ameambiwa Jumatatu.

Shangazi, wewe sasa. Asante kwa wote uliowatoa majini wakipiga kelele kuwa bado hawajamaliza. Asante kwa kutukemea sisi wakubwa bila kubagua vyeo. Tunajua nyumbani una wajukuu na una mume wa lile shati, nao wamekungoja miaka mingi wakikugawana na watoto wa watu. Kapumzike, ukae kwenye kiti chenye miguu minne mizima. Ulale mchana bila kusikia kelele za maji kichwani. Afya ikuzidi, maradhi yakukose anwani, na ukija kututembelea uje kama mgeni, uvue viatu uloweshe miguu, mwingine akutazame. Bustani nzima, kuanzia geti hadi gati, inakuombea maisha yenye kheri.

Kuhusu keki: iko pale mezani, mnaiona, acheni kuitolea macho. Ratiba ya leo nimeipanga mimi, kwa sababu hiyo nayo ilishuka meza kwa meza. Baada ya wasifu huu ni hotuba ya Meneja, na keki ni baada ya hotuba. Shangazi ameniambia hakishiki kisu mpaka asikie neno moja, na neno hilo si "tutaangalia". Mzee wa Geti amesimama mlangoni na filimbi shingoni. Nyuma yake ni watoto, wamevua viatu.

Bwana Meneja, kipaza sauti ni chako.