Nyumba ya Mlimani Aliyotuchosha Nayo Dada

Ndugu waombolezaji, majirani, na wenzake wa kazini mliopanda mlima huu kwa miguu kwa sababu marehemu hakutaka barabara ifike mlangoni, mimi ni mdogo wake anayemfuata, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na nimeombwa nisisome kwa hasira, nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshonaji wa nguo, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha ufundi katika uchoraji wa ramani za majengo, ambako walimu walimsifu kwa umakini, tabia ambayo sisi wa nyumbani tuliiita ubishi.

Mwaka uleule aliajiriwa na idara ya majengo ya halmashauri ya mji, akakagua ramani za watu mpaka alipostaafu, na humu ndani nawaona wengi ambao ramani zao zilirudishwa, nami nikiwemo, maana nyumba yangu aliikataa kwa sababu jiko halikuwa na dirisha la kutosha, na aliponiona nimenuna alisema, "Moshi haujui kwamba wewe ni mdogo wangu."

Mwaka 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa treni, mtu mrefu kama mnavyomwona, ambaye huinama kila anapoingia nyumba za watu na hata yake mwenyewe, wakajaliwa binti mmoja, leo mwalimu wa hesabu, wakaishi mjini kwa utulivu hadi dada alipostaafu mwaka 2011, na utulivu huo ukafungasha virago.

Kwa maana mwanamke yuleyule aliyewakatalia watu mabati chakavu maisha yake yote, alitangaza mezani kwamba atajenga huku juu, kwa mawe ya hapahapa, udongo wa hapahapa na vitu vilivyotupwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa salama, alizunguka gereji akiomba matairi mabovu ayashindilie udongo yashikilie mteremko, akabeba madirisha ya shule iliyobomolewa, akapanga chupa kwenye ukuta wa bafu ili mwanga upite, na nguo zetu kuukuu akazifua, akazikausha, akazijaza darini kuzuia baridi, hivyo mkiinua macho mjue kwamba sweta langu la kijivu, ambalo halikuwa kuukuu hata kidogo, limo humo.

Shemeji alikataa katakata kuhama, akasema, "Mimi nimeishi juu ya chuma, siwezi kuzeekea ndani ya tairi," dada akamjibu kwamba hakuna aliyemlazimisha, akapanda mlima peke yake, na kwa miaka minne watu wawili waliopendana waliishi mbalimbali kwa sababu ya ukuta wa udongo, binti yao akilia kwenye simu za pande zote mbili, nasi tukifanya vikao visivyozaa kitu.

Mimi ndiye niliyetumwa kumshusha, nikamkuta akigombana na fundi wake, ambaye wote mnamwita Kobe, kwa kuwa dada alikuwa ameamuru mlango mzuri wa mbao, uliotoka kwenye nyumba ya wageni iliyovunjwa, ung'olewe kwa mara nyingine, na Kobe alikuwa amekusanya vifaa vyake aondoke.

"Mlango huu una kasoro gani?" nikauliza.

"Mfupi," dada akasema.

"Mfupi kwa nani? Wewe mwenyewe hufiki hata kitasa cha juu!"

Alinipa pima maji ya kupimia usawa niishike, na nikashuka mlima nikiwa nimeapa sitarudi.

Mwezi Agosti 2016 shemeji alipanda mwenyewe, amekasirika, na begi tupu la kufungashia vitu vya mkewe, nikamfuata nikihofia ugomvi, akafika mlangoni akainama kama alivyozoea, kisha akasimama, akatazama juu, akanyoosha mgongo, akapita, akaingia sebuleni, jikoni, chumbani, mlango baada ya mlango, kichwa juu, akarudi akapita tena, wala dada hakugeuka kutoka kwenye sufuria yake.

"Chai ipo?" shemeji akauliza.

"Ilikuwepo tangu mwaka juzi," dada akasema.

Begi lile nilishushwa nalo mimi, nikalijaze nguo za shemeji.

Mwaka 2022 figo za dada zilianza kumsumbua, daktari akashauri akae karibu na hospitali, akakaa wodini kwa muda, akamweleza muuguzi mkuu kwamba madirisha yamewekwa upande usiofaa, kisha akaomba arudishwe huku, na tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, akiwa kitandani, shemeji akimshika mkono, alitutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliombeba kwa machela kwenye ngazi zile za mataruma ya reli bila kumwangusha wala kusikiliza maelekezo yake, Kobe uliyeacha kazi hii mara nyingi na kurudi kila mara, na ninyi wa idara ya majengo mliomrudishia ramani ya nyumba hii mara tatu, maana kila mara alikuja amefura, akatuambia kwamba amewafundisha vizuri.

Nilisema nitajitahidi nisikasirike, nimeshindwa, kwa sababu bado kuna chumba cha nyuma hakina dari, hakutuambia ni cha nini, na sasa hakuna wa kumwuliza. Lala, Dada, kazi yako imekwisha. Tulikuwa tumechoka nawe, lakini si kiasi hiki.