Konokono Mbeba Jina

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Limeegemea ukuta wa chumba changu, ule unaolowana mwaka mzima kwa sababu bomba la uani linavuja na mwenye nyumba anasema fundi anakuja, fundi anakuja. Mimi nauza kahawa papo hapo mlangoni ili nisiende mbali na mtoto, birika liko kwenye jiko, vikombe viko kwenye ndoo, mtoto yuko mgongoni au kwenye shuka miguuni pangu. Wanaokaa ni walewale. Kuna Kinyozi, mwenye duka mlango wa pili, akinyoa vichwa viwili anakuja kupumzika kama mtu aliyetoka kulima. Kuna Dalali wa vyumba, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna chumba kibaya duniani. Na kuna Mzee Swichi, fundi umeme mstaafu, vidole vyake viwili vilikufa ganzi kwa shoti, kwa hiyo anashika kikombe cha moto huku wengine wakipuliza. Siku hiyo lilikuwa jua la kumchosha mtu akiwa amekaa, na mimi nilikuwa nimechoka kuwapita wote, kwa sababu silali, tangu huyu mtoto azaliwe nalala nikisikiliza kama anapumua.

Nieleze kwanza nilichokuwa nakiogopa, maana wao walibishana mchana kutwa bila kukijua. Mtoto wangu anatambaa, ana meno mawili, na hana jina. Kijiweni wanamwita Mgeni, tangu siku ile niliporudi naye nikawaambia nimepata mgeni, likamganda, na mimi nikaliacha limgande. Kabla yake alikuwapo dada yake. Yule nilimpa jina siku ileile aliyozaliwa, nikalitangaza dirishani uani wote wasikie, akakaa nasi wiki tatu, akaenda. Basi huyu wa pili nikasema tungoje kidogo, tusiite-ite. Baba yake anaendesha lori la mizigo, yuko safarini, akipiga simu anauliza umeshachagua, mimi namwambia hallo, hallo, mtandao mbaya. Kliniki nesi anaita, "Mama wa asiye na jina!" na mimi nasimama, watu wananitazama, nasimama tu.

Sasa, chumba cha mbele alipanga dada mmoja anayetafuta konokono. Si wale wakubwa wanaokula mboga, hapana, wa kwake ni wa nchi kavu wadogo kama punje ya ulezi, unaweza kumpumua usijue. Anasugua ukuta kwa mswaki, anachekecha majani yaliyooza, anamwaga kwenye sahani nyeupe, halafu anainama na kioo cha kukuzia mpaka shingo inakataa kurudi. Siku moja mtoto alikuwa ameuparura ukuta wetu, ngumi imejaa ile kijani laini inayoota penye unyevu, anaipeleka mdomoni, mimi napiga kelele, dada akaudaka mkono, akafungua kidole kimoja kimoja, akakuta konokono mmoja ndani ya ile kijani. Kisha akaketi chini, kwenye tope, na sketi yake safi. Gamba la yule konokono lilizunguka kushoto, na mdomoni mwake, mdomo wa gamba, kulikuwa na jino moja limepinda kama kulabu. Baadaye aliwapata wengine palepale ukutani. Akafungua vitabu, akatuma picha kwa wenzake, akangoja.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia alinijia bombani.

"Hakuna anayemjua, mdogo wangu. Ni aina mpya kabisa. Nataka nimpe jina la mwanao, maana yeye ndiye aliyemwona."

Akanionyesha kichupa, konokono mmoja amelala kwenye spiriti. Akasema huyu ndiye mbeba jina. Jina linafungwa kwake peke yake, na mtu yeyote huko mbele akiokota konokono akawa na shaka, atarudi kumlinganisha na huyu.

"Amekufa?"

"Ndiyo. Ni lazima awe amehifadhiwa."

"Na jina likishaandikwa, linafutika?"

"Halifutiki. Naondoka kesho alfajiri. Jioni nitapita kijiweni kulichukua."

Ndiyo maana mchana nilimmwagia Dalali kahawa kwenye goti, na aliporuka nikajikuta nimewaeleza yote kwa pumzi moja, isipokuwa lile la kwamba jina lenyewe halipo.

KINYOZI: Subiri. Mtoto ameokota konokono, konokono anapewa jina la mtoto?

— Ndiyo, kaka.

KINYOZI: Mimi nimeokota mende mle dukani mwaka wa ngapi huu, hakuna aliyenifuata.

DALALI: Mende wako wanajulikana, wana mpaka ukoo. Mama Mgeni, sikiliza, mimi mikataba ndiyo kazi yangu. Usitoe jina hivihivi. Jina likiingia kwenye vitabu vya watu, limepangishwa. Kesho mtoto anakwenda shule, anaambiwa samahani, hilo lina mwenyewe.

KINYOZI: Mwenyewe nani, konokono?

DALALI: Konokono ndiye mpangaji wa kwanza!

MZEE SWICHI: Nyie hamjauliza la maana. Anazunguka upande gani?

— Kushoto, baba.

Mzee Swichi akaweka kikombe chini. Alifumba macho, tukajua inakuja.

MZEE SWICHI: Skrubu inakazwa kulia. Balbu inakazwa kulia. Kizibo cha chupa, kulia. Sasa kitu cha kushoto kinafanya nini? Kinafungua. Miaka yote nilikuwa nakaza nyaya za mtaa huu, asubuhi nakuta zimelegea. Nikalaumiwa. Kumbe ukutani mna jeshi zima linafungua.

KINYOZI: Mzee, mdudu wa ukubwa wa ulezi alegeze waya?

MZEE SWICHI: Mmoja, hapana. Wewe umewahesabu?

KINYOZI: Acheni, mimi najua wanachotafutiwa. Ni ule ute wao wa kuteleza. Ndio wanaoutia kwenye mafuta ya uso, mtu wa miaka sitini anarudi kuwa bwana harusi. Mtaona kopo limeandikwa jina la Mgeni na picha yake juu, anacheka na meno yake mawili.

DALALI: Afadhali kopo. Fikiria darasani. Mwalimu anauliza, nani atatueleza huyu ni mnyama gani? Mtoto mwingine ananyoosha kidole, anataja jina la Mgeni, mnyama mdogo anayeteleza, hana uti wa mgongo! Darasa zima linamgeukia.

Wakacheka, lakini kicheko cha watu waliochoka, kilianza vizuri kikaishia kwenye miayo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemlaza mtoto mapajani, nahesabu pumzi, nafikiria kile kichupa. Nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka:

— Lakini amekufa! Yule anayelibeba jina, amekufa, yumo kwenye spiriti, na halifutiki. Nyie mnaongea mafuta ya uso.

Kinyozi akajikuna kidevu.

KINYOZI: Hilo nalo.

DALALI: Si wapo wengine wazima ukutani?

— Jina haliko kwao. Liko kwa aliyekufa. Wao wanalitumia tu.

DALALI: Basi na ukuta huu umekwisha. Mtu akishasajiliwa mahali, humtoi. Mwenye nyumba akitaka kupiga plasta, kesi. Mimi nikiegemea, kesi. Naitwa mahakamani, mlalamikaji Mgeni, analetwa mgongoni.

MZEE SWICHI: Na atashinda. Huyu hajawahi kukosa anachokililia.

Nikawamiminia tena, maana kikombe kikiwa mdomoni ndipo wanaponyamaza. Jua likashuka nyuma ya paa la duka la kinyozi. Nilikuwa naomba moyoni yule dada asahau, apate homa, lori la kumchukua lije mapema. Halafu nikamwona anavuka njia, viatu mkononi kwa sababu ya tope, shingo ameishika. Hakuwahi kukaa kwenye benchi letu hata siku moja. Wakasogea mbali naye, yaani walibanana upande mmoja kama watoto mwalimu anapoingia.

— Karibu, dada, nikasema. Nikampa kikombe.

— Ahsante. Mmezungumza?

DALALI: Tumezungumza sana. Kijiwe kina masharti yake.

— Nitayasikia. Kwanza niandike. Akatoa kalamu. Mtoto anaitwa nani?

Kila mmoja akamngoja mwenzake aseme.

Alidhani hawakumsikia. Akamgeukia Kinyozi, aliyekuwa karibu naye, akauliza tena taratibu. Kinyozi, ambaye amemnyoa mtoto wangu mara mbili akimwimbia, akafungua mdomo.

KINYOZI: Si... Mgeni?

— Hilo ni la kumtania, akasema dada. La kwake.

Kinyozi akamtazama Dalali. Dalali, aliyelipigania jina lile tangu mchana, akatazama ndani ya kikombe chake. Niliona linavyowaingia mmoja mmoja, kwamba walibishania kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Mzee Swichi peke yake hakushangaa. Alikuwapo mtaani wakati wa msiba wa yule wa kwanza, ndiye aliyenizimia taa za uani nilipotaka giza. Alinitazama mimi tu.

— Hana, nikasema. Bado hana. Naogopa, dada. Wa kwanza nilimpa.

Nikaeleza, vibaya, kwa haraka, wiki tatu, dirisha, mtandao mbaya, nesi. Dada hakuandika kitu. Hakunipa pole ya haraka ile ya kufunga mazungumzo. Akaugeukia ukuta.

— Na hawa je? nikamuuliza. Wamekaa hapo bila jina siku zote. Wamedhurika?

— Hapana. Wanaishi tu.

— Basi unaona.

— Naona. Akasugua shingo. Mwaka huu nilifika kwenye kuta mbili nikakuta zimevunjwa. Nikachekecha kifusi siku nzima, nikapata vipande vya magamba. Aina nisiyoijua. Nikirudi kazini naulizwa, kimepotea nini? Sina la kujibu. Siwezi hata kusema nani amekufa.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonishika. Maana mimi jina la wangu nalijua. Kila nikichota maji nalitaja, kimyakimya, kwa midomo tu, na hata siku mbaya kabisa huwa nina kitu cha kutaja. Nikafikiria kama wangenipa mwanangu ndani ya sanda bila jina lolote, ningesema nini pale bombani.

— Dada. Mwenye jina ni lazima awe mzima?

— Si lazima. Wengi wao walishakufa.

— Basi andika la dada yake.

Nikalitamka. Sikuwa nimelitamka kwa sauti mbele ya watu tangu siku ile. Mzee Swichi akavua kofia. Yule dada akaniomba nirudie, herufi kwa herufi, akaliandika, akasema ataliongezea kijimkia mwishoni kwa sababu ndivyo majina ya wanyama yanavyovikwa, lakini mbele litabaki vilevile, mtu yeyote atalisoma.

KINYOZI: Kwa hiyo wale wa ukutani, wote sasa ni...

— Wote, akasema dada. Waliopo na watakaozaliwa.

Tukautazama ukuta. Hapakuwa na cha kuona, unyevu na ile kijani, na alama za migongo ya wanakijiwe, miaka ya kuegemea. Dalali ndiye aliyeanza. Alisimama, akashika ncha ya benchi, Kinyozi akashika ya pili, wakalivuta mbele mpaka mkono wa mtu ukawa unapita kati yake na ukuta. Wakakaa tena, wima, migongo hewani, na ninyi mnajua mtu aliyezoea kuegemea anavyoteseka.

DALALI: Haya. Na Mgeni je?

Wakanigeukia wote, hata yule dada. Mtoto alikuwa ameamka, anavuta kamba ya kiatu cha Mzee Swichi, amekaza kweli.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Nikanyanyua birika. Lilikuwa nusu, na walilisikia likicheza, Dalali akataka kusema, Mzee Swichi akamgusa kwa goti. Wakarudisha vikombe kwenye ndoo. Yule dada alinishika bega, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Ndani nilimweka mtoto kitandani, nikafunga mlango, nikakaa naye uso kwa uso. Jina nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu kabla hajazaliwa, hilo sikumwambia mtu, hata baba yake. Nikaliita.

Hakugeuka, alikuwa anahangaika na mto, na angelijuaje, hajawahi kulisikia. Nikasogea karibu. Nikaliita tena.