Mashimo Sabini: Kumuaga Bi Kalolaine Taufa

Wasomaji watuwie radhi. Jarida hili halijatoka kwa miezi saba, kwa sababu hatukutaka kuandika habari hii kwa haraka na hasira. Haraka imepita. Hasira bado tunayo.

Tarehe 30 Juni Bi Kalolaine Taufa anastaafu, baada ya kutumikia kituo chetu cha kilimo hapa kisiwani Vava'u kwa miaka ishirini na sita. Makao makuu yameagiza kwamba wasifu wake utaje mafanikio tu. Tunatii.

Alikuja kuwafundisha wakulima wadogo wa vijiji sita kuandika takwimu za mashamba yao na kuzisoma wenyewe: mvua, siku ya kupanda, mavuno. Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa. Kipimo cha mvua kilikuwa kopo la samaki. Mwaka wa kwanza Mama Losaline alileta daftari ambalo, mahali pa namba, aliandika: "Mvua ya leo imenywewa na nguruwe." Darasa zima liliangua kicheko. Bi Kalolaine hakucheka. Alimsifu mbele ya wote kwa kutobuni namba.

Katika mwaka wa saba alitembelea shamba la Mzee Sioeli, ambaye daftari lake lilionyesha viazi vikuu arobaini. Akahesabu mashimo.

"Mzee, mashimo ni sabini. Viazi thelathini vimeota miguu?"

"Hivyo si vyangu, Mwalimu. Vile vinono ni vya chifu na mchungaji tangu siku ya kupanda. Niandike mali ya watu kwenye daftari langu? Unataka watu waniseme?"

"Kwani vimezaliwa na shamba la nani? La mchungaji?"

"Mchungaji alime, na mikono ile laini? Shamba ni langu. Limezaa vyote."

"Basi andika hivyo, mzee wangu."

Ikabainika kwamba vijiji vyote sita vilikuwa vikiacha viazi vya zawadi nje ya hesabu, kwa adabu. Siku hiyo Bi Kalolaine alichora safu mbili: kilichozaliwa, na kilichobaki.

Miaka mitatu iliyopita makao makuu yalileta fomu mpya ya kujaza kwenye simu. Ina safu moja tu: kilichobaki. Bi Kalolaine aliandika barua nne. Alijibiwa mara moja tu, kwa mistari miwili, kwamba safu ya pili inavuruga mfumo. Akawaambia wanafunzi wake waendelee na madaftari.

Miezi saba iliyopita mfumo huo, kwa kusoma kilichobaki peke yake, ulitoa hukumu: ardhi ya vijiji sita imechoka, kwa hiyo kitalu cha mbegu kifungwe, darasa livunjwe, na nafasi ya Bi Kalolaine isijazwe. Aliyetia sahihi hajawahi kuhesabu shimo hata moja. Ardhi haijachoka. Kilichochoka ni akili ya wanaoona taabu kuongeza safu moja, na watakaokosa mbegu si wao.

Mwezi uliopita wakulima kumi na mmoja walipanda meli kwenda makao makuu, wakiwa na madaftari ya miaka kumi na tisa. Walimwomba Bi Kalolaine awasemee. Alikataa. Alisema kwamba wakimhitaji kwa hilo, basi hakuwafundisha kitu.

Mzee Sioeli ndiye aliyetandaza mezani jedwali la madaftari hayo na kulieleza safu kwa safu. Ofisa mmoja akauliza, "Hili mmetengenezewa na nani?"

"Tumelitengeneza sisi. Na lako, bwana mdogo, lilitengenezwa na nani?"

Kamati ya makao makuu imeahidi kuamua upya kabla ya msimu wa kupanda.

Bi Kalolaine, asante. Nenda ukalime shamba lako kwa afya na amani. Unastahili zaidi ya karatasi hii. Siku kamati itakapoamua tutakuandikia, jibu liwe jema au baya, na hatutabuni namba.