Kopo la Nne Kabla ya la Tatu

Ndugu wa familia, majirani, na ninyi wapenzi wa sinema mliotoka Warszawa, Kraków na hata Berlin, mkalijaza kanisa hili dogo la makaburini mpaka dada za marehemu wamekosa pa kukaa, poleni sana kwa msiba. Anayewasomea historia hii ni Jagna, mtoto wa pekee wa marehemu, na anaomba asikatizwe, kwa sababu tangu juzi ameshaombwa mara tatu asiisome.

Ludomir Sowiniec alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Pabianice, mtoto wa tatu wa Bwana Telesfor, fundi wa mashine za kufuma, na Bi Genowefa, ambaye baada ya mumewe kupotea vitani alimlea Ludomir na dada zake kwa kufua nguo za watu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Pabianice kuanzia mwaka 1945, akamaliza sekondari mwaka 1956, baada ya kufukuzwa wiki mbili kwa kutoroka darasani kwenda sinema, na mwaka 1958 akaingia chuo cha filamu hapa Łódź, alikohitimu mwezi Juni 1963.

Chuoni ndipo alipokutana na Halszka Wrzos, aliyekuwa akisomea ukataji wa filamu, kazi ya kukaa mezani na mkasi na gundi na kuamua picha ipi itangulie na ipi ifuate, na waliowafahamu wote wawili enzi hizo wanasema Ludomir alijua kupiga picha ila hakujua kuacha, alirundika kama mpishi wa harusi asiyejua idadi ya wageni, na Halszka ndiye aliyepanga nani ale nini na saa ngapi. Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1965, wakajaliwa binti huyu mmoja tarehe 11 Juni 1968, ambaye alikulia chini ya kamba ya jikoni ambako vipande vya filamu vilianikwa pamoja na nepi zake.

Sasa kazi. Marehemu aliongoza filamu saba, lakini mliokuja hapa mmekuja kwa ajili ya moja, Kiti cha Mfumaji, basi na tuseme hiyo. Mama aliikata miezi kumi na minne, jikoni, akiipanga katika mikanda sita, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati lenye namba kwenye kifuniko, kama filamu za wakati ule, na katika kopo la tatu mzee mfumaji anakula chakula cha jioni na wanawe, anawaambia ataondoka alfajiri, na hakuna hata mmoja anayeinua macho kutoka kwenye supu yake, na katika kopo la nne mzee anaondoka kweli, anaanguka thelujini, anakufa. Hayo ndiyo yaliyokatwa na hivyo ndivyo yalivyopangwa, na mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akichungulia mlangoni alielewa na akalia.

Mwezi Mei 1979 filamu ilialikwa kwenye tamasha kubwa nje ya nchi, wakaenda wote wawili kwa treni, na siku ya safari mama alimwambia marehemu kwa jina lake la nyumbani, "Ludek, andika namba kwenye kichwa cha mkanda wenyewe, usiandike kwenye kifuniko tu, vifuniko vinatoka," naye akamjibu, "We mwanamke, haya ni makopo ya filamu au sufuria za mama yako?" Mpakani askari walifungua makopo yote wakitafuta wanachokijua wao, treni ikapiga honi, na marehemu akafunika mwenyewe haraka haraka, kifuniko cha tatu juu ya kopo la nne, na cha nne juu ya la tatu.

Tarehe 18 Mei, ukumbini, kopo la pili lilipokwisha na mzee akaonekana tayari yuko thelujini, mama alijua papo hapo, akasimama akapaza sauti, "Wamekosea! Simamisheni!" na marehemu akamvuta koti akamwambia, "Kaa chini, utaniaibisha." Basi mzee akafa, kisha akarudi akala supu na wanawe, na hakuna aliyemtazama, na ukumbi mzima ukalia, wakasimama wakapiga makofi dakika kumi na moja. Mwandishi wa gazeti akamuuliza, "Mwalimu, ulipata wapi ujasiri wa kumrudisha mfu mezani?" Baba akawasha sigara, akavuta, akasema, "Kifo hakipangi foleni." Wengine wenu mmeyavaa maneno hayo leo kifuani, kwenye fulana, ndani ya makoti yenu meusi.

Usiku huohuo alimwahidi mama kwamba atasahihisha kesho yake, na kesho yake akapewa tuzo. Mama, ambaye si mtu wa kelele, alimpa maneno mawili tu achague: ama urudishe makopo mahali pake, ama uondoe jina langu, mimi sikukata kitu hicho. Akaliondoa jina. Nakala zote zilizochapishwa tangu siku ile, zile mnazozifundisha vyuoni na kuziandikia vitabu, zimefuata kosa la treni, na penye jina la mkataji pameandikwa Ludomir Sowiniec.

Walibaki mke na mume, msije mkasikia vingine. Yeye akaendelea na filamu nyingine tano, akizivuruga kwa makusudi ili zifanane na ile moja aliyoivuruga kwa bahati mbaya, na kila moja ikapata watu wachache kuliko iliyotangulia, hadi ya mwisho, mwaka 1998, ambayo wiki ya kwanza iliangaliwa na watu tisa, wanne wakiwa ndugu zake. Mama alikwenda kukata filamu za mafunzo, za usafi wa meno na kilimo cha viazisukari, miaka ishirini na miwili, na zote zilionyeshwa kwa mpangilio.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Oktoba 2021, na tarehe 27 Januari mwaka huu, 2024, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia binti yake, "Waambie watu kwamba mama yako alikuwa sahihi." Binti akamjibu, "Waambie mwenyewe, baba, ulimi unao." Ndipo akamwita Bwana Gracjan Hejduk, mwenyekiti wa klabu ya filamu, huyu aliyekaa mbele, akamweleza yote, treni, askari na vifuniko, na Bwana Hejduk akampapasa mkono akasema, "Mwalimu, pumzika, dawa hizi zinachanganya akili," kisha akaenda kuandika gazetini kwamba hadi pumzi ya mwisho marehemu alikuwa akitutegea vitendawili. Mzee wa watu, alipotaka kusema ukweli mara moja katika maisha yake, hakuna aliyeinua macho. Alifariki tarehe 9 Februari saa tatu asubuhi.

Bwana Hejduk anatikisa kichwa, na atikise. Alituomba nakala ya nyumbani waionyeshe leo saa kumi, kwa heshima ya marehemu, na familia imekubali, ila jana mama alifungua makopo mezani jikoni, ana miaka themanini na miwili, akaandika namba kwenye kichwa cha kila mkanda, na atapanda mwenyewe chumba cha mashine ya kuonyeshea filamu kuyapanga. Watakaoshindwa kuielewa filamu inayoeleweka watoke polepole, wasiwasumbue wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi Dobrochna aliyemgeuza kitandani bila kuchoka, inawashukuru majirani waliopika supu ya matanga, na wafanyakazi wenzake waliokuwa wakimtembelea hata miaka ambayo jina lake halikuwa gazetini. Marehemu ameacha mjane, binti na wajukuu wawili.

Asubuhi hii binti alimuuliza mama aseme nini juu yake, mama akasema, "Sema nilikata filamu. Basi." Kwa hiyo ijulikane mbele ya jeneza hili kwamba Kiti cha Mfumaji kilikatwa na Halszka Sowiniec, huyu bibi aliyefunga kitambaa cha kijivu, ambaye wengi wenu mlipoingia mlimpa makoti yenu awatundikie. Mke wangu ndiye aliyeikata: maneno manne, baba, na ulikuwa na miaka arobaini na minne ya kuyasema. Lala kwa amani, ukiweza.