Kitabu cha Rais na Matanga ya Mama

Amahoro, ndugu zangu. Asanteni kwa kunipa nafasi, ingawa ningependa zaidi kusimulia nikiwa nimekaa nanyi kwenye benchi. Mkiniona natazama sakafu, msidhani nimesahau. Natafuta pa kuanzia.

Nianze na maji. Wengi wenu mlikuwa Gatumba, mnajua. Mto Rusizi uliingia ndani kwetu asubuhi, wakati chai iko mezani. Tulitoka na godoro, masufuria, na jembe la baba ambalo hakutaka kuliacha, ingawa bustani yake ya nyanya ilikuwa imeshageuka ziwa. Mama aliugua tukiwa kwenye mahema, akafa kabla ya mvua kuisha. Tulimzika, tukahamia hapa Mutakura, vyumba viwili vyenye pazia katikati.

Naona kuna wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwetu sisi matanga huondolewa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku chache baada ya maziko. Mara ya mwisho ni baadaye sana: ndugu na majirani wanaitwa, vinywaji vinaletwa, mkubwa wa nyumba anasimama, anasimulia maisha ya marehemu, halafu anasema imetosha, turudi kwenye kazi zetu. Hiyo ndiyo kuganduka. Kabla ya siku hiyo, nyumba bado iko matangani. Mnapika na kufagia, lakini kuna kitu kimesimama.

Baba yangu alikataa kuganduka. Kaka yake alikuja kuuliza siku, baba akageukia ukutani. Akaja tena, baba akajifunika shuka. Akaacha kuongea, kisha akaacha kumaliza chakula. Mashavu yaliingia ndani. Ndugu zangu, nawaambia kilichokuwa kinaniogopesha: nilidhani siku moja tutaondoa matanga mawili kwa pamoja.

Na mimi sikuwa mzima. Kabla ya maji nilikuwa naandika hadithi, nina wenzangu tuliokuwa tukisomeana Jumamosi. Walinipigia simu, sikupokea. Nilifungua vitabu, maneno yakawa kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto, naona midomo tu. Nikawa nakaa mlangoni tangu asubuhi. Mtu akiniuliza habari, namjibu nzuri, ili aende.

Jirani yetu ni mtengeneza baiskeli, Mwislamu, mzaliwa wa mji huu tangu babu zake. Sitamtaja jina, sisi wote tunamwita Fundi. Alasiri moja, baada ya swala, alikuja na kitabu kinene chenye picha ya mtu aliyevaa tai.

"We si ulisoma?" akaniambia. "Muteja yangu ameniachia hii, anahamia Kongo. Iko mu Kifaransa, na Kifaransa yangu ni ya kununua vipuri tu."

Kilikuwa kitabu cha rais wa nchi ya mbali, si kwetu wala si kwa jirani zetu. Ameandika mwenyewe maisha yake, tangu utoto hadi alipokula kiapo.

"Fundi, siasa sitaki," nikamwambia.

"Hata mi sitaki siasa. Angalia hapa." Akanionyesha picha ya mtoto aliyesimama kati ya mbuzi, hana viatu. Kisha akafunika kitabu, akagonga ile tai kwa kidole. "Ni mutu moja. Mi nataka kujua kitu moja tu: nani alimufungulia mulango?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaanza kusoma kwa Kifaransa na kumwambia kwa Kiswahili, sentensi moja moja, kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe. Yule rais alikuwa ameandika vizuri, siwezi kumnyima. Alisimulia shati lake lililoshonwa kwa gunia la unga, maandishi ya kiwanda bado yakisomeka mgongoni. Alisimulia harufu ya moshi kwenye blanketi la mama yake, na jinsi mama huyo alivyomvusha mto kwenda shule, akimfunga kamba kiunoni, ncha nyingine ameishika yeye.

Fundi alirudi kesho yake. Akarudi tena, na kopo la kukalia. Kila mtu aliyetajwa kitabuni alimshuku kuwa ndiye aliyefungua mlango. Mwalimu wa kwanza? "Ni huyu." Padri aliyemwazima kitabu? "Apana, ni huyu sasa." Mimi nilikuwa na udadisi wangu: nilitaka kujua mtu huyu anaruka nini. Anayesimulia maisha yake lazima aruke, na mimi nilianza kusikia pale anapovuta pumzi kabla ya kuruka. Sikugundua kwamba nilikuwa nasoma tena.

Baba alikuwa upande wa pili wa pazia. Tulijua yuko macho, kwa sababu Fundi akicheka godoro lilikuwa linalia kidogo.

Tukafika mahali rais yule, sasa ni kijana anayefundisha shule mjini, anapata habari kwamba mama yake amekufa. Anapanda gari, anamzika. Sentensi inayofuata inasema kwamba kesho yake aliondoka, kwa maana walimu wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye mgomo. Nikaendelea na mgomo.

"Rudi nyuma."

Ndugu zangu, ilikuwa sauti ya baba. Ilitoka imekauka, kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Nikarudi nyuma, nikasoma tena.

"Huyo mutu amezika mama yake," baba akasema, "halafu yuko mu mukutano. Waliganduka lini?"

Nikatazama chini ya ukurasa, nikatazama ukurasa wa pili. "Haijasemwa, baba."

"Endelea. Atasema mbele."

"Muzee, labda kwao hawana hiyo desturi," Fundi akasema.

"Kila mutu ana mama," baba akamjibu, na pazia likasogea.

Tangu siku hiyo tukawa watatu. Fundi anatafuta mlango, baba anatafuta matanga, mimi natafuta yaliyorukwa. Yule kijana aliongoza chama cha walimu, akafungwa, akatoka amekonda, akapewa uwaziri, akafukuzwa, akarudi. Mwisho wa kila sura baba anauliza, "Bado?" Namjibu, "Bado." Kwanza alikuwa anauliza akiwa amelala. Kisha ameketi. Kisha siku moja nikamkuta amebeba kiti chake hadi mlangoni, na sahani ya maharage mkononi, anakula bila kuitazama.

Tulifika kwenye kiapo. Uwanja umejaa, mizinga inapigwa, rais anasema viatu vilimbana. Anawashukuru wengi. Mama yake anamtaja mara moja, kwamba angefurahi kumwona. Basi, kitabu kimeisha.

"Hajaganduka," baba akasema. "Ana nchi muzima, na bado iko matangani."

"Na mulango hatujauona," Fundi akasema kwa huzuni ya kweli.

Nilidhani baba atarudi kitandani. Akanigeukia. "Wewe mutoto yangu unajua ile shati ya gunia. Unajua kamba ya kuvuka mto. Mama yako alipokuwa mudogo alivaa nini?"

Sikujua. Nilimjua mama tangu mimi nilipozaliwa, kama vile naye alizaliwa siku ile. Naufahamu utoto wa rais ambaye hatajua kamwe kwamba nipo, na wa mama yangu sina hata picha.

"Alikuwa anafukuza ndege mu mupunga, Buterere," baba akasema. "Nilimusikia kabla sijamuona. Nilikuwa napita na baiskeli, nikafikiri kuna watoto wengi. Ilikuwa sauti moja." Akaongeza, "Lakini namna gani alikuja kuwa mukubwa wa wamama wa kuuza samaki ya ndagala pale Gatumba, hiyo sijui. Hakunieleza. Sikumuuliza."

Fundi akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Na hapo kuna mulango," akasema. "Hapo tunaweza kwenda kuuliza."

Baba alikuwa ameapa hatakanyaga tena Gatumba. Kesho yake alikwenda, amekaa nyuma ya baiskeli ya Fundi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na mimi nikafuata na baiskeli nyingine. Tulipita mahali nyumba yetu ilipokuwa. Baba aliomba tusimame, akashuka, akatazama matope yaliyokauka, akapanda tena.

Wauza ndagala walimpokea kama ndugu aliyerudi safari. Mmoja, mwenye umri wa mama, alicheka tulipomuuliza walimchaguaje mama. "Alikuwa amegombana na kila moja yetu," akasema, "na wote sawasawa. Hakuna mwenye angesema huyu ni rafiki yake, atamupendelea. Tukasema, basi, huyu atugawie nafasi mu soko."

Baba alicheka. Alicheka akiwa amekaa juu ya kikapu, akacheka akijifuta macho, na wale mama nao wakalia na kucheka. Fundi aliniangalia, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta kwenye nyumba nyingine.

Tuliganduka. Baba alisimama na shati lake jeupe, akasimulia maisha ya mama tangu ndege wa Buterere hadi vikapu vya Gatumba. Mimi nilimwandikia, yeye akabadilisha karibu kila kitu. Kisha akasema imetosha. Na kwa kweli nilisikia kile kilichokuwa kimesimama kikianza kutembea.

Ndugu zangu, nawashukuru wale mama wa ndagala. Nawashukuru wenzangu wa Jumamosi ambao hawakuacha kupiga simu. Sasa napokea, na naandika. Nawashukuru ninyi mliotuletea unga na mkaa bila kuuliza lini tutakuwa sawa. Namshukuru Fundi, na hata yule rais, popote alipo. Natamani mtu amuulize swali la baba.

Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Nyumbani kwenu yupo mtu mnayemjua kuanzia katikati. Jioni hii muulizeni alivaa nini alipokuwa mdogo. Mkae, msikimbilie mgomo.

Fundi hajaridhika. Anasema tulisoma haraka mno, mlango ulitupita mahali fulani, na anataka tuanze tena kwenye mbuzi. Nimekubali. Baba amesema kiti chake kibaki palepale mlangoni.