Mama Hatua, Aliyeifungua Mashine Kabla ya Kuiandika

Ijumaa tarehe 30, baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili kazini, mwandishi mkuu wa vitabu vya maelekezo wa kiwanda chetu anastaafu. Wengi tunamjua kwa jina moja tu: Mama Hatua.

Alianza kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kunakili walichoandika wahandisi kuhusu mashine zetu za kutakasia vifaa vya hospitali kwa mvuke, bila kugusa hata nukta. Mwaka wake wa tatu, muuguzi mmoja alifungua mfuniko mvuke ukiwa bado umejaa, akaungua mikono yote miwili. Kiwanda kikasema onyo lilikuwemo kitabuni.

Yeye ndiye aliyekichapa kitabu kile, na moyo ulikataa kutulia. Aliomba ruhusa akaenda kumwona majeruhi. "Dada, nilikifuata kitabu chenu neno kwa neno," muuguzi alimwambia. Ilikuwa kweli. Kufungua mfuniko kulielezwa ukurasa wa tisa; onyo la kutoa mvuke kwanza lilikuwa ukurasa wa kumi na nne.

Aliporudi, akaomba akiandike upya. Mhandisi mmoja akauliza kama sasa mpiga chapa atawafundisha habari za mvuke. Akajibu kwa upole kwamba yeye ndiye anayetaka kufundishwa.

Miezi saba alishinda karakanani, ndani ya ovaroli iliyompwaya, akifungua na kufunga mashine mpaka fundi mkuu akamkabidhi spana zake. Jioni alikwenda chuoni kujifunza kusoma michoro, huku mumewe akishika jiko na watoto. Aliuliza maswali hadi watu wakawa wanamkwepa kwenye korido.

Rasimu ilipokamilika, alimpa mpishi wa kantini, ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile, kisha akasimama nyuma yake na daftari, kimya. Mpishi alikwama mara kumi na moja. Mama Hatua akaandika tena, na tena. Jaribio la nne, mpishi aliifungua na kuifunga bila kuuliza kitu.

Kurasa sitini zilibaki ishirini na mbili. Tangu hapo hatujapokea taarifa hata moja ya muuguzi kuungua, na hakuna mashine inayotoka getini bila saini yake kwenye kitabu.

Naye hakukosa utani. Barua yake ya kuomba likizo ilikuwa na hatua sita, kama kitabu cha mashine, na onyo juu kabisa: msinipigie simu.

Anaacha waandishi watano, mimi nikiwa mmojawao. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Kama hujaelewa, usiandike. Nenda kaulize." Nimeuliza mpaka leo, na sijawahi kujuta.

Ahsante, Mama Hatua. Nenda kapumzike ukiwa na afya tele, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na ujue kwamba iko mikono mingi, usiyoijua, iliyo salama kwa sababu yako.